Kipindi kikiisha ndipo maneno huanza

Kama unaishi Nairobi na hujawahi kwenda Soko la Burma kula nyama, basi itabidi uulizwe unakaa Nairobi gani. Hapo kando ya Barabara ya Jogoo, karibu na ule uwanja tuliozoea kuuita City Stadium na ambao siku hizi umepewa jina la mwanasoka Joe Kadenge, ndipo watu wa Shauri Moyo, Kaloleni na Makongeni walipokuzwa kwa supu. Jina lenyewe ni la mbali. Ni la ile nchi ya Asia ambako askari wetu wa King's African Rifles walipelekwa kupigana na Wajapani mwaka 1944.

Jumamosi iliyopita nilikuwa huko nikingoja mbavu zangu ziive. Za mbuzi, bila shaka. Ukutani palikuwa na runinga, na katika runinga palikuwa na mchezo wa mapenzi ambao sikuuelewa mwanzo wake wala sikujali. Kulikuwa na mwanamke aliyekuwa akimficha mumewe jambo fulani kubwa. Mchoma nyama alisimama na kisu mkononi, kinywa wazi, moto ukamtoka akilini kabisa. Nilitaka kumfokea kwa sababu nilikuwa na njaa, lakini nilipotazama huku na huku niliona hata waliokwisha kupewa sahani zao hawakuwa wakila.

Kipindi kilipokwisha, kibanda kizima kililipuka kwa maneno. Mmoja alisema mwanamke yule ana makosa. Mwingine akasema mume ndiye aliyemfunza uoga. Nikamkumbuka baba yangu.

Baba alikuwa na gogo lake la kukatia nyama hapo Burma kwa miaka mingi, na sisi tulikaa Kaloleni, watoto sita katika nyumba ya vyumba viwili. Televisheni ilikuwa moja tu katika mstari wetu wa nyumba, mali ya karani mmoja mpole ambaye mkewe hakuwa mpole hata kidogo. Ili kuingia ilikuwa lazima uoshe miguu kwenye mfereji, uje ukionyesha nyayo. Watoto tulikaa sakafuni, watu wazima vitini, na waliochelewa walitazamia dirishani. Ilikuwa televisheni ya picha nyeusi na nyeupe iliyotumia betri ya gari, na betri hiyo ilikuwa na tabia ya kufa jambo likifika penyewe. Picha ilipungua, ikapungua, ikawa kama sanduku la kibiriti katikati ya kioo, nasi tukasogea mbele kana kwamba tungeweza kuingia ndani tuisaidie.

Wakati huo stesheni ilikuwa moja tu, Sauti ya Kenya, ambayo mwaka 1989 iligeuzwa kuwa KBC. KTN haikuwapo hadi 1990. Kwa hiyo ukikutana na mtu asubuhi ukamwuliza, "Uliona?" hakuwa na haja ya kukuuliza niliona nini.

Basi mwaka 1987 ndipo kilipokuja kipindi kilichoitwa Tushauriane. Kilitayarishwa na Greg Adambo, nacho kilikuwa mchezo wa kuigiza wa Kiswahili uliofuatana juma kwa juma, jambo ambalo kwetu lilikuwa geni. Tulikuwa tumezoea vichekesho vinavyoanza na kumalizika jioni ile ile. Hiki kilikuacha umening'inia hadi juma lijalo, na watu walining'inia kweli kweli.

Jambo ambalo wengi wetu hatukulijua ni kwamba kipindi hicho kilikuwa na kazi maalumu. Hesabu zilizofanywa mwishoni mwa miaka ya 1970 zilikuwa zimeonyesha kwamba mwanamke wa Kenya alizaa wastani wa watoto wanane, idadi iliyokuwa miongoni mwa kubwa kabisa duniani. Kupanga uzazi kulikuwa jambo la kunong'onwa. Sasa, huko Mexico kulikuwa na mtayarishaji aitwaye Miguel Sabido ambaye katika miaka hiyo hiyo ya 1970 alikuwa ametengeneza michezo ya televisheni ya kuwavuta watu wazima wajifunze kusoma, na kisha ya kuwafanya waume na wake wazungumze juu ya uzazi. Watayarishaji wetu walijifunza mbinu hiyo.

Sabido naye alikuwa amejifunza kwa kutazama. Mwaka 1969 nchini Peru ulianza mchezo uitwao Simplemente María, juu ya msichana wa kazi za nyumbani aliyetoka kijijini, akajifunza kushona kwa cherehani na kusoma jioni, akainuka. Wasichana wa kazi wa Lima wakaanza kudai nafasi ya kwenda shule za jioni, na cherehani zikanunuliwa kwa wingi. Maria alipoolewa na mwalimu wake katika mchezo huo, watu wapatao 10,000 walifurika nje ya kanisa ilipopigwa picha hiyo, wengine wakiwa wamebeba zawadi za bibi harusi. Unacheka? Sisi wa Kaloleni hatuna haki ya kucheka. Jirani yetu mmoja alikuwa akiwajibu waigizaji kwa sauti na kuwaonya juu ya watu waliojificha nyuma ya mlango.

Mbinu ya Sabido, ukiivua mapambo, ni nyepesi. Weka mtu mwema, weka mtu mwovu, na katikati yao weka mtu kama mimi na wewe, anayeyumba huku na huku, anayekosea, na ambaye hubadilika polepole kwa kuona yanayowapata wengine. Watazamaji watamshika huyo wa katikati, na kesho yake watagombana juu yake.

Hapo kwenye kugombana ndipo ninapotaka kukupeleka.

Mama yangu alikuwa amejifungua mtoto wa sita mwaka uliotangulia, na damu nusura imwishe. Muuguzi alimwambia waziwazi kwamba wa saba huenda akamwua. Alirudi nyumbani na maneno hayo, akakaa nayo. Si kwamba baba alikuwa mkatili. Hakuwa. Lakini katika ndoa yao hapakuwa na maneno ya kusemea jambo kama hilo. Mwanamke aliyetaja tembe mbele ya mumewe aliulizwa anataka kwenda wapi, na nani.

Tushauriane kilipoanza, mama aligundua mlango. Asingeweza kusema, "Mimi naogopa." Lakini alipokuwa akimwandalia baba ugali aliweza kusema, "Yule mama wa jana ana kazi." Basi. Kisha akanyamaza. Juma lililofuata aliongeza jambo jingine kidogo. Sisi watoto tulilala nyuma ya pazia, na pazia, kama ujuavyo, halizuii sauti.

Baba mwanzoni alijibu kwa kukoroma. Kisha, bila kutarajia, akaanza kuleta habari kutoka Burma. Kumbe wakataji nyama wale, watu wenye vifua kama milango, nao walikuwa wakikibishania kipindi hicho juu ya magogo yao kuanzia alfajiri. Mmoja alishika kwamba dawa za uzazi humfanya mwanamke awe tasa milele. Mwingine akasema huo ni uongo, mkewe alitumia na akazaa baadaye alipotaka. Alisema hayo hadharani, mbele ya wateja! Na kulikuwa na mzee mmoja wa watoto kumi, aliyeheshimiwa sana, ambaye hakusema lolote siku nyingi, kisha siku moja akaweka kisu chini akasema kwamba kila Januari yeye huzihesabu barua za karo kabla ya kuzihesabu nyama.

Baba alimsimulia mama maneno ya mzee huyo kama kwamba ni uvumi wa soko tu. Mama akasema, "Kumbe." Nadhani neno hilo lilimchukua nguvu zake zote.

Asubuhi moja baba aliacha noti mezani chini ya kikombe kabla ya kwenda kazini. Akasema ni nauli ya huko unakotaka kwenda. Hakutaja mahali, wala mama hakumwuliza anamaanisha nini. Mtoto wa saba hakuzaliwa. Mama amepita miaka 70 sasa, na bado hutuambia tuoshe miguu.

Sitaki kukudanganya kwamba televisheni ndiyo iliyofanya yote. Ni kweli kwamba uchunguzi wa mwaka 1989 ulikuta wastani ule wa watoto wanane umeshuka hadi kati ya sita na saba, na wapo waliokimbilia kukipa kipindi kimoja sifa zote. Mimi nasema wauguzi nao walifanya kazi, karo ilifanya kazi, na mashamba yaliyogawanywa hadi yakawa kama leso yalifanya kazi. Mtu akikuambia mchezo wa jioni moja kwa juma umeibadilisha nchi, mwombe ushahidi.

Ushahidi mzuri kidogo ulipatikana kwa majirani zetu. Mwaka 1993 Redio Tanzania ilianzisha mchezo uitwao Twende na Wakati, wa redio, si televisheni, juu ya dereva wa lori aitwaye Mkwaju na mkewe Tunu. Kwa makusudi, kituo cha Dodoma kiliachwa kikitangaza vipindi vingine katika saa hiyo hadi mwaka 1995, ili watafiti waweze kulinganisha. Waliosikia mchezo walianza kupanga uzazi kwa wingi zaidi kuliko wale wa Dodoma, na Dodoma walipoanza kuusikia, nao wakafuata. Lakini lililonigusa mimi ni jambo jingine walilolikuta: wasikilizaji walikuwa wakizungumza zaidi wao kwa wao, na waume na wake zao. Niliposoma hayo nilijiona tena nyuma ya pazia.

Vijana wa siku hizi watanikumbusha Shuga, mchezo ulioanza hapa Nairobi mwaka 2009, ambamo Lupita Nyong'o aliigiza kabla ulimwengu haujamjua. Wana haki. Mchezo huo baadaye ulihamia Nigeria, na watafiti walikuta huko kwamba vijana waliouona walikwenda kupimwa virusi vya Ukimwi karibu mara mbili ya wale ambao hawakuuona.

Lakini tusisahau kwamba mashabiki nao wana lao la kufanya. Unamkumbuka Mzee Ojwang Hatari wa Vitimbi? Jina lake halisi lilikuwa Benson Wanjau, Mkikuyu aliyeigiza Mjaluo kwa lafudhi ambayo wengi waliiamini kabisa. Yeye na Mama Kayai, yaani Mary Khavere, waliigiza unyumba kwa muda mrefu hivi kwamba watu waliapa ni mume na mke kweli. Katika mitaa yetu, ambako kila mlango una kabila lake, kicheko hicho kilikuwa na faida. Kilikuwa na hasara pia, lazima niseme. Mimi mwenyewe niliwahi kuchapwa makofi na jirani kwa kuigiza lafudhi yake nikidhani nachekesha. Alikuwa na haki.

Mwaka 2012 habari zilienea kwamba mzee huyo alikuwa akipoteza macho na hana fedha za matibabu. Jina lilikuwa kubwa kuliko mfuko. Wakenya wakaombwa kila mmoja atoe shilingi mia kwa simu, na wakatoa.

Baba wakati huo alikuwa amekwisha kuliacha gogo. Hakujua kutuma pesa kwa simu na hakutaka kujua. Alinijia na noti ya mia, imekunjwa mara nne, akaniambia nimtumie Ojwang. Nikamwambia, "Baba, weka tu, nitatuma yangu kwa jina lako." Akakataa katakata.

"Watu hawa wa televisheni," alisema, "tuliwatazama bure miaka yote ile. Hata betri ilikuwa ya jirani."

Mama alikuwa ameketi hapo akichambua mboga. Hakuinua uso, lakini alijifunua upindo wa leso, akatoa mia nyingine akaiweka juu ya ile ya baba.

Mzee Ojwang alifariki Jumapili, tarehe 12 Julai 2015. Siku hiyo baba alikaa nje hadi giza likaingia.

Sasa tuirudie Burma ya Jumamosi. Watu walikuwa bado wanabishana juu ya yule mwanamke wa mchezoni na siri yake. Mama mmoja aliyekuwa akikata kachumbari akasema, macho yake yakiwa kwenye kitunguu, kwamba angekuwa ni yeye angemwambia mumewe ukweli siku ile ile, hata kama ni kufukuzwa afukuzwe. Mwanamume aliyekaa mkabala nami, ambaye nadhani hawakujuana, akaacha kutafuna.

"Angemwambia aje?" akauliza. "Angeanzia wapi?"

Mama yule akaweka kisu chini. Mbavu zangu zilikuwa zimeungua upande mmoja, na hakuna aliyeniomba msamaha. Nikakisogeza kiti changu karibu nipate kusikia.