Esanse si dawa ya kusafisha redio

BUNIA – Fundi anayesafisha kontakti za redio kwa esanse ndani ya hema la wahami, babula ikiwaka pembeni, anahatarisha kambi nzima. Mvuke wa esanse ni mzito kuliko hewa. Unatambaa chini mpaka kwenye makaa. Dawa ya kopo la kupuliza ni afadhali, lakini nyingi nayo inashika moto. Wateja pia walaumiwe: wanataka habari za kijijini leo leo, wanamharakisha fundi. Wamwache atoe betri kwanza, apulizie nje, kidogo tu, kisha angoje kontakti zikauke kabisa kabla ya kuwasha. Na kopo tupu lisitupwe motoni, linalipuka. Wala lisiachwe ovyo, watoto wa kambini huokota kila kitu.