Shokabu Ngumu Si Shokabu Nzima

Wasee, leo nitakosana na watu wa steji, na mafundi, na wenye piki, pengine hata na wewe unayesoma hii ukiwa umekaa juu ya nduthi ukingoja mteja. Sawa tu. Hii kitu imenikaa kwa roho miezi mitatu na lazima niitoe.

Hapa Eastlands, kutoka Dandora na Kayole mpaka Umoja na Pipeline, nduthi ikizeeka upande wa nyuma tunaitibu kwa njia moja tu: tunaifanya iwe ngumu. Shokabu zimevuja, zimelegea, piki inagonga chini kila tuta. Badala ya kununua pea mpya, fundi anakata tyubu kuukuu, anasokota raba katikati ya springi. Ama anatoa shokabu moja iliyokufa upande wa kulia, anaweka ya mtumba ya piki ya aina nyingine, ya kushoto anaiacha vile ilivyo. Unalipa mia mbili, unabonyeza kiti, hakishuki, unasema, "Sasa imepona."

Haijapona. Umeinyamazisha tu.

Nasema hivi na aibu, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa wa kwanza kwa hiyo foleni. Piki yangu ni Boxer ya kitambo, nilinunua kwa mtu ikiwa tayari imechoka. Nikaweka raba. Ikalegea, nikaongeza raba. Miezi mitatu iliyopita nikambeba mathe kutoka soko la Mutindwa tukirudi nyumbani Kayole, yeye nyuma na gunia dogo la viazi mbele yangu. Mtoto akavuka barabara akifukuza mpira. Nikashika breki. Hapo barabara ilikuwa na vishimo vidogo vidogo, vya kawaida, na gurudumu la nyuma likaanza kurukaruka kama mpira wa yule mtoto. Breki nilikuwa nimekanyaga mpaka mwisho lakini piki haikusimama, ikaenda upande. Mtoto alipita salama. Mathe alianguka na mkono, na mfupa wa kifundo ukavunjika. Wiki sita za plasta. Ni mtu wa kukaanga chapati kila asubuhi. Jaribu kukanda unga na mkono mmoja.

Jirani akaniambia ni bahati mbaya. Apana. Ni raba ya mia mbili.

Wacha nieleze, maana hii ndiyo sehemu wengi hatujaambiwa. Shokabu ina kazi mbili. Springi hubeba uzito. Ndani yake kuna rodi na mafuta yanayolazimishwa kupita kwa matundu madogo, na hayo mafuta ndiyo huzuia springi isirukeruke ikishabonyezwa. Sili ikichanika, mafuta yanatoka, springi inabaki peke yake bila mtu wa kuituliza. Sasa ukiiwekea raba, umezuia springi isishuke, lakini mafuta hujarudisha. Gurudumu likigonga shimo linatupwa juu, na hakuna kitu cha kulirudisha chini kwa utaratibu. Na tairi iliyo hewani haishiki breki. Hata uwe na breki mpya za jana, zinashika gurudumu, lakini gurudumu halijashika barabara.

Ndiyo maana nasema ngumu si nzima. Mgonjwa akikauka hatusemi amepona.

Najua majibu yenu, nimeyasikia yote pale steji.

La kwanza: "Barabara ndizo mbovu." Kweli. Kuna njia za ndani huku kwetu ambazo mvua moja inazigeuza mto. Lakini barabara mbovu ndiyo sababu ya kuwa na shokabu nzima. Mtu hatoi paa la nyumba kwa sababu mvua ni nyingi.

La pili: "Ngumu ndiyo inabeba mzigo." Tupige hesabu. Mtungi wa maji wa lita 20 ni kilo 20. Maji yakipotea mtaani, tunabeba mitungi sita: kilo 120, karibu watu wazima wawili, juu ya keria, nyuma kabisa ya gurudumu. Sheria ya Trafiki inaruhusu abiria mmoja tu kwa piki ya magurudumu mawili, na haikuandikwa hivyo kwa kutuonea. Raba haiongezi nguvu ya piki kubeba. Inaondoa tu ile dalili iliyokuwa inakuambia umezidisha. Mzigo unabaki uleule, sasa unabebwa na fremu, na rimu, na uti wako wa mgongo. Uliza mtu yeyote aliyeendesha boda miaka kumi anaamka vipi asubuhi.

La tatu, na hili ndilo naliheshimu: "Pesa hakuna." Mimi huandika matumizi ya piki kwa kitabu. Baada ya mathe kuumia nikarudi nyuma miezi minane. Raba mara tano, mia mbili kila mara: 1,000. Kuchomea keria iliyopasuka mara tatu kwa 300: 900. Balbu za nyuma nne zilizokatika kwa mtikisiko: 400. Tairi ya nyuma iliyolika mabonde mabonde kabla ya wakati wake: 2,500. Jumla 4,800. Pea mpya ya shokabu nilinunua mjini, Kirinyaga Road, pale wengi bado tunaita Grogan, kwa 2,800. Bushi na kazi ya fundi, 700. Nilikuwa nalipa bei ya shokabu mpya na bado sina shokabu. Bili ya hospitali sijaiweka hapo.

Lakini hapa sitawalaumu watu wa steji peke yao. Tangu serikali iondoe VAT kwa pikipiki ndogo mwaka wa 2008, piki imekuwa biashara ya watu wengi ambao hawajawahi kuikalia. Mwenye piki yuko kazini kwake, anangoja hesabu ya jioni kwa simu. Makubaliano ni yaleyale karibu kila mahali: mwanaboda analipia mafuta na matengenezo madogo, mwenye piki analipia makubwa. Injini ikifa, ni ya mwenyewe. Pancha, ni ya kijana. Na shokabu? Hapo ndipo kila mtu anaangalia kando. Mwenye piki anasema ni ndogo, kijana anasema ni kubwa, na kati ya hao wawili kunaingia raba. Kisha abiria anapanda akidhani amepanda piki.

Mwenye piki, nikuambie ukweli: shokabu ni zako. Zinachakaa kwa kukuletea hesabu. Kama unaweza kukumbuka jioni saa mbili kwamba mia moja imepungua, unaweza kukumbuka mara moja kwa mwaka kuuliza shokabu ziko aje.

Na nyinyi mafundi wetu, ndugu zangu, hamkosi ujuzi. Mnakosa kukataa. Mteja akija na mia mbili akitaka raba, mwambie itamfanyia nini, halafu aamue akijua. Na mkibadilisha, badilisheni kama kazi. Shokabu huenda mbili mbili, za urefu mmoja na nguvu moja. Ukiweka mpya upande mmoja na mzee upande wa pili, ule mkono unaoshika gurudumu unajipinda kila tuta. Piki isimame kwa stendi kubwa, shika gurudumu la nyuma ulisukume kushoto na kulia. Likicheza, bushi zimekwisha, na shokabu mpya juu ya bushi mbovu ni viatu vipya kwa goti lililoteguka. Toa shokabu upande mmoja, rudisha, ndipo uende wa pili, ili gurudumu lisiporomoke. Yale meno ya kurekebisha springi yawe sawa pande zote mbili. Mwisho angalia cheni, kwa sababu nyuma ikiinuka kuliko ilivyokuwa, mlegeo wa cheni pia unabadilika. Umpandishe mtu kwanza ndipo upime, isije ikakaza sana piki ikibeba.

Hiyo kazi yote ilichukua chini ya saa mbili, hapa Kariobangi. Nilikaa kwa debe nikiangalia, nikifikiria vile nilikuwa nimekataa saa mbili hizo kwa miezi minane.

Sasa sikuombi uniamini. Kesho asubuhi kabla ya kutoka, fanya kitu kimoja. Simama nyuma ya piki, bonyeza kiti kwa mikono yote miwili na uzito wako wote, halafu achilia. Kikipanda mara moja na kutulia, endelea na siku yako. Kikicheza mara mbili, mara tatu, mafuta yameisha. Kisiposhuka kabisa, chungulia katikati ya springi. Ukipata raba, unajua tayari ni nani aliiweka.

Na wewe abiria, una haki ya kubonyeza pia. Akikukasirikia, kuna piki nyingine hapo steji.

Mathe ametolewa plasta. Bado hawezi kusukuma chapati vizuri. Jumapili nilimwambia nimebadilisha shokabu zote mbili, nimpeleke sokoni. Akaiangalia piki, akaniangalia mimi, akasema, "Asante baba, leo natembea." Nikachukua kikapu tukatembea.