Lango la Ujenzi na Lugha ya Wenyeji

Tangu mwaka wa 2006, Uholanzi imekuwa na Siku ya Ujenzi, ambapo wakandarasi hufungua malango ya maeneo yao ya kazi, raia wakavaa helmeti, wakaingia na kuuliza maswali. Wapo wanaoibeza siku kama hiyo wakidai kwamba ni tamasha la kampuni kujipigia debe na watoto kupigwa picha kando ya mitambo. Dai hilo lina chembe ya ukweli. Hata hivyo, linapuuza somo ambalo jiji la Amsterdam lililipia kwa bei ghali.

Ujenzi wa njia ya metro inayounganisha kaskazini na kusini mwa jiji hilo ulianza mwaka wa 2003. Amsterdam imesimama juu ya tope na mchanga uliojaa maji. Nyumba zake za kale zimeegemea nguzo za mbao zilizopigiliwa ardhini. Ili kuchimba vituo, wahandisi walizamisha kwanza kuta nene za zege, kisha wakachimbua udongo uliokuwa kati yake. Mwaka wa 2008, katika kituo cha Vijzelgracht, maji yalipenya kwenye kiungo cha ukuta, yakasomba mchanga na kuuacha msingi wa jirani ukiwa hauna kitu cha kuushikilia. Nyumba za wafumaji, zilizojengwa katika karne ya 17, zikadidimia kwa zaidi ya sentimita 10. Miezi michache baadaye, mkasa ukajirudia. Wakazi wakahamishwa, na mapema mwaka wa 2009 diwani aliyesimamia mradi akajiuzulu.

Yamkini jambo lililowaudhi wenyeji zaidi ya nyufa ni kwamba kwa miaka mingi waliambiwa wasiwe na wasiwasi. Neno 'salama' lilitumiwa mithili ya pazia. Tume iliyoteuliwa iliamua mwaka wa 2009 kwamba kazi iendelee, lakini ikasisitiza haja ya kurejesha imani ya raia. Ndipo wakuu wa mradi walipobadilisha usemi: hatari zikatajwa wazi, na katika shimo la kituo cha Rokin pakawekwa jukwaa ambapo mpita njia yeyote angeweza kushuka akajionea. Njia ilifunguliwa rasmi mnamo Julai 21, 2018, baada ya gharama kupanda hadi takriban yuro bilioni 3.1, zaidi ya maradufu ya makadirio ya awali. (Wanaakiolojia nao waliokota humo vitu vipatavyo 700,000, ambavyo baadhi yake huonyeshwa katikati ya ngazi za umeme za Rokin. Huenda hiyo ndiyo siku ya wazi isiyo na kikomo.)

Basi uzito wa siku ya wazi hauko katika helmeti. Mhandisi anayesimama mbele ya bibi mwenye nyumba hana budi kueleza, kwa maneno ya bibi huyo, ukuta utazuia nini na ukivuja itakuwaje. Asipoweza, lango limefunguliwa bure.

Suala hili linawagusa wasomi wa Kiswahili moja kwa moja. Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 inataja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya kitaifa, nayo inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Hata kabla yake, kanuni za mwaka wa 2003 kuhusu tathmini ya athari kwa mazingira ziliagiza mikutano ya hadhara, na matangazo ya redioni kwa lugha rasmi na za wenyeji. Tangazo humfikia mwananchi. Ripoti yenyewe aghalabu imeandikwa kwa Kiingereza cha kitaalamu, kurasa mamia kwa mamia. Ni vigumu kuona vipi mkazi wa mtaa utakaopitiwa na barabara au reli atakavyoipinga hesabu asiyoweza kuisoma.

Idara za Kiswahili zimetumia nguvu nyingi kubuni istilahi za isimu na fasihi, na si vibaya. Lakini ukuta wa zege unaozamishwa ardhini kabla ya kuchimba, udongo unaodidimia polepole, maji yanayopenya kiungoni: haya yote bado yanahitaji majina ambayo fundi na mwenye nyumba watayaelewa sawasawa. Mwanafunzi anayesaka mada ya tasnifu angeweza kuanza na ripoti moja tu ya aina hiyo, akaifasiri, kisha akaenda kuwasomea wanaohusika.