Haki Ilipotea Lini Katika Shamba la Wanyama?

Watahiniwa wengi, wakiulizwa utawala wa nguruwe uliisaliti haki lini, hukimbilia siku Napoleon alipomfukuza Snowball kwa mbwa tisa. Hoja hiyo inakubalika, lakini imechelewa. Rudi nyuma kidogo, kwenye maziwa.

Soma tena Sura ya Pili. Bwana Jones ametimuliwa, amri saba zimeandikwa ukutani, ng'ombe wamekamwa ndoo tano. Wanyama wanaenda kuvuna. Wanaporudi jioni, maziwa hayapo. Katika Sura ya Tatu tunaambiwa yanachanganywa katika chakula cha nguruwe, na matufaha nayo wametengewa wao. Wanaonung'unika wanatishwa na Squealer kwamba Jones atarudi. Je, Snowball alipinga? Hakupinga. Nguruwe wote walikubaliana, huyu tunayependa kumwita mwanamapinduzi wa kweli akiwemo.

Mwandishi, George Orwell, hakulibuni hili hewani. Riwaya yake ya 1945 inailenga Urusi. Mwaka 1921 mabaharia wa Kronstadt, waliokuwa wameyaunga mkono mapinduzi, walidai uchaguzi huru wa mabaraza ya wafanyakazi. Jeshi la serikali ya mapinduzi likawavamia. Stalin alikuwa bado hajawa mtawala. Aliyesimamia jeshi wakati huo alikuwa Trotsky, ambaye Snowball amechorwa kwa mfano wake.

Ndiyo maana jibu la "tamaa ya Napoleon" halitoshi. Amri saba zenyewe zilikuwa nzuri. Lakini waliozitunga ndio walioshika brashi, na ndio waliojua kusoma vizuri. Boxer hakuvuka herufi D. Benjamin alisoma sawa na nguruwe yeyote, ila alinyamaza (na kwangu mimi ana lawama kubwa kuliko anavyolaumiwa darasani) hadi rafiki yake alipokuwa ndani ya gari la mchinjaji. Kufikia Sura ya Saba, kuku wanaogomea kutoa mayai wananyimwa chakula na tisa wanakufa. Kisha wanyama wanaokiri makosa wanauawa papo hapo, bila shahidi wala mtetezi. Amri ya sita inaongezwa maneno machache ili mauaji hayo yawe halali.

Mtu akikujibu kwamba mavuno ya kwanza yalizidi ya enzi za Jones, mkubalie. Halafu muulize nani alikunywa maziwa.