Mambo ya Nyumbani: Chombo cha Kusagia Kahawa



Swali la mwezi huu latoka Chita. Mama mmoja atuarifu ya kuwa mpunga wao umekwisha ingia ghalani, na mume wake, aliye mwalimu, ataka wauze gunia moja zaidi ili wanunue mashine ya umeme ya kusagia kahawa. Mama ahofu, maana fedha ya gunia hilo ilikuwa imetengwa kwa sare na madaftari ya watoto. Auliza: je, yafaa? Na kama yafaa, wachague mashine ya namna gani?

Swali hili si dogo kama lionekanavyo. Chita ni nchi ya mpunga, wala si ya kahawa. Kahawa yetu huja kutoka mbali: Mbozi, Mbinga, Kilimanjaro, ambako mapadre wa Roho Mtakatifu waliipanda katika misheni ya Kilema mwaka 1898, na Bukoba, ambako Wahaya waliitafuna tangu zamani, kabla mgeni yeyote hajawafundisha kuinywa. Basi anunuaye kahawa huku bondeni anunua kitu cha safari ndefu. Tena gunia la mpunga likiuzwa mara tu baada ya mavuno huuzwa kwa bei hafifu, kwa sababu kila mtu anauza. Likingoja miezi ya uhaba huleta fedha zaidi. Kwa hiyo bei ya mashine si ile tu iliyoandikwa dukani. Ongeza juu yake faida ambayo gunia lingeleta baadaye.

Kwa nini mtu asage mwenyewe? Kwa sababu ya harufu. Buni iliyokaangwa, ikitiwa katika kopo lililofungwa vizuri, hukaa majuma kadhaa na utamu wake; ikisagwa, huanza kupoteza harufu siku ile ile. Katika joto na unyevu wa Kilombero hali huwa mbaya zaidi. Lakini yeye asiyejali sana tofauti hiyo, na anywe kwa amani kahawa ya unga itengenezwayo Bukoba, ambayo huyeyuka katika maji ya moto bila kuacha machicha. Hana haja ya mashine yoyote.

Sasa na tupige hesabu. Lita moja ya kahawa nzuri yataka gramu 60 hivi. Kilo moja, basi, hutoa lita 16 na kitu. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba buni nzima ni rahisi kuliko iliyosagwa kwa shilingi 5,000 kila kilo, na mashine ni shilingi 40,000. Itawapasa kunywa kilo 8 kabla fedha haijarudi. Nyumba inywayo lita moja kila siku itazimaliza kilo hizo kwa miezi minne na nusu hivi. Nyumba inywayo lita moja kila Jumapili tu itangoja zaidi ya miaka miwili na nusu! Mama, hesabu vikombe vyenu kwa uaminifu kabla ya kuhesabu fedha.

Mashine za umeme za bei ndogo karibu zote ni za visu. Kisu huzunguka kwa kasi na kukatakata buni kama kipatavyo. Hivyo katika unga ule ule mna vumbi na mna vipande. Vumbi hutoa uchungu upesi, vipande havijatoa kitu, na kikombe huwa kichungu na chepesi kwa pamoja. Aliye na mashine hiyo tayari aibonyeze kwa vipindi vifupi, aitikise, wala asiiache izunguke mpaka ipate moto. Tena yataka umeme wa wati 150 au zaidi, ambao vifaa vidogo vya jua vya kuwashia taa haviwezi kuutoa. Na ijapokuwa maporomoko ya Kihansi yako jirani, na mitambo yake yaweza kutoa megawati 180, umeme hukatika hata kwa majirani wa maporomoko.

Mashine ya mkono yenye meno ni bora. Buni hupita kati ya meno mawili, moja limetulia na moja lazunguka, na nafasi kati yake ndiyo ipimayo ukubwa wa chembe. Kampuni ya Peugeot ya Ufaransa ilianza kutengeneza mashine za jinsi hii mwaka 1840, na kanuni yake haijabadilika. Ukiwa dukani, usitazame rangi wala sanduku. Shika mpini, uzungushe, utazame mhimili: ukiyumba, unga hautakuwa sawa. Mhimili mzuri umeshikwa juu na chini. Uliza kama yafunguka kwa mkono. Meno ya kauri hayashiki kutu, jambo kubwa kwetu, lakini kokoto moja huyavunja. Basi pepeta buni kwa ungo kwanza. Ya chuma hustahimili zaidi, ila yafutwe kwa brashi kavu, yasioshwe kwa maji. Wengine husaga mchele mkavu ili kuisafisha; katika nchi ya mpunga ni kishawishi chepesi, lakini mchele ni mgumu kuliko buni iliyokaangwa, na waweza kuharibu meno.

Je, mashine ya chuma ya kusagia karanga, ile ya kubana mezani? Yasaga, ila mafuta ya karanga hubaki ndani na kuchacha, na kahawa hunuka mafuta hayo.

Kiko pia kinu na mchi. Wahabeshi, ambao nchi yao ndiyo asili ya kahawa ya Kilimanjaro, huitwanga kahawa yao hivyo mpaka leo mbele ya wageni. Kiwe kinu kidogo cha peke yake, si kile cha vitunguu saumu. Twanga kidogo kidogo, funika kwa kitambaa buni zisiruke, chekecha, kisha rudisha vipande vikubwa. Kwa kahawa ya kuchemshwa, ambayo machicha yake hutuama chini ya birika, unga huo watosha kabisa.

Basi, mama, jibu letu ni hili: gunia lisiuzwe. Sare na madaftari vitangulie. Twangeni kahawa kwa kinu mpaka bei ya mpunga ipande. Na siku hiyo, kama hesabu ya vikombe inaruhusu, mwalimu anunue mashine ya mkono yenye meno, iwezayo kubeba gramu 30 kwa mara moja. Kazi ya kuizungusha asubuhi na iwe yake.