Boda moja, mawaziri watatu: wizara hizi ziunganishwe

Kila tarehe 14 ya mwezi, steji za boda Kimilili huwa na stori moja: EPRA imesema nini? Mafuta yamepanda ama yameshuka? Kama wewe ni mwendeshaji, jibu hilo linaamua utaenda nyumbani na ngapi jioni. Kama wewe ni abiria wa Chwele au Kapsokwony, linaamua utaitishwa ngapi.

Sasa nikuulize: hiyo boda iko chini ya waziri gani? Barabara inayopita ni ya Wizara ya Barabara na Uchukuzi. Petroli ni ya Wizara ya Nishati na Petroli. Moshi unaotoa ni wa Wizara ya Mazingira, Mabadiliko ya Tabianchi na Misitu. Chombo ni kimoja, mawaziri ni watatu, na mkopo ni wako peke yako.

Mimi nasema hizi wizara tatu ziwe moja.

Angalia boda za umeme. Nairobi mwendeshaji anaingia kituoni, anabadilisha betri, anaendelea na kazi. Huku kwetu bado ni petroli, na petroli yote ya Kenya huagizwa kutoka nje. Stima je? Karibu asilimia 90 ya umeme tunaozalisha hutoka kwa mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Bwawa la Turkwel liko huko mbele ya Kitale tu. Kwa akili ya kawaida, sisi ndio tungefaa kuwa wa kwanza kuhama.

Lakini kila wizara inavuta upande wake. Rasimu ya sera ya usafiri wa umeme ilizinduliwa Machi 2024 na watu wa uchukuzi. Bei maalum ya umeme wa kuchaji vyombo hivyo ilikuja 2023 kutoka upande wa nishati. Halafu kuna pesa. Julai 2024, ushuru wa kukarabati barabara ulipanda kutoka Sh18 hadi Sh25 kwa kila lita ya mafuta. Yaani upande mmoja wa serikali unakuhitaji uchome mafuta ndipo upate pesa za barabara, na upande mwingine unakuambia uache kuchoma uokoe mazingira. Tukihamia stima sote, barabara italipiwa na nani? Swali hilo halina mwenyewe, kwa sababu liko katikati ya ofisi tatu.

Wengine wamejaribu. Uswisi ina mawaziri saba pekee, na mmoja wao anashika mazingira, uchukuzi, nishati na mawasiliano pamoja. Austria iliunganisha zake mwaka 2020. Kufikia Oktoba 2021 ilikuwa na tiketi moja ya usafiri wa umma kwa nchi nzima, euro 1,095 kwa mwaka, sawa na euro 3 kwa siku. Serikali mpya ilipoingia 2025, wizara ikagawanywa tena. Kwa hivyo tukiunganisha, tufanye kwa sheria ya Bunge, si kwa amri ya rais inayobadilika kila msimu.

Utaniambia wizara kubwa ni ulaji mkubwa. Hofu hiyo ina msingi. Lakini ulaji hupenda mahali ambapo kila mtu anaweza kusema "hiyo si idara yangu." Davis Chirchir alikuwa waziri wa nishati, na mwaka 2024 akahamishiwa barabara na uchukuzi. Mtu alihama, lakini kuta kati ya ofisi zikabaki palepale. Katiba inaruhusu mawaziri 14 hadi 22, kwa hivyo kupunguza viti hakuhitaji kura ya maoni.

Usingoje Nairobi ikukumbuke. Kikao cha maoni ya umma kikiitwa kwenye wadi yako, usiende kuchukua soda na kurudi. Simama uulize: mpango wa boda za umeme Kimilili uko wapi, utagharimu nini, na nani anawajibika? Mheshimiwa akikutuma kwa wizara nyingine, mwambie aandike jina la hiyo wizara na tarehe ya kukujibu. Kisha wewe na wenzako wa steji mfuatilie, mwezi baada ya mwezi, vile mnafuatilia bei ya mafuta.