Mwili wa anayeketi ofisini nao una haki yake

Sifa njema zote anastahiki Allah (S.W.), Mola Mlezi wa viumbe wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Ndugu zangu katika imani, leo ni Ijumaa, na wengi wetu tumeshaisoma au tutaisoma Suratul Kahf. Katika aya ya 18 ya sura hiyo Allah (S.W.) anatueleza habari za wale vijana waliolazwa pangoni, kwamba alikuwa akiwageuza upande wa kulia na upande wa kushoto. Imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas (R.A.), kama alivyonukuu Ibn Kathir katika tafsiri yake, kwamba lau wasingegeuzwa, ardhi ingeliila miili yao. Mwenye kuwalinda ni Muweza wa kila kitu; angetaka, wangelala bila kugeuzwa na wasidhurike. Hata hivyo, hata kwa watu wa muujiza, mwili haukuachwa katika hali moja. Muuguzi yeyote aliyemhudumia mgonjwa wa kitandani anaijua hekima hiyo, kwani mgonjwa asiyegeuzwa huota vidonda.

Sisi tunaofanya kazi za mezani hatugeuzwi na mtu. Mtumishi wa ofisi ya umma huanza kazi saa 1:30 asubuhi, na kabla ya hapo ameshaketi katika basi muda mrefu, kama alibahatika kupata kiti. Ataketi mbele ya kompyuta mpaka Adhuhuri iingie baada ya saa 6 mchana. Chai na maandazi huletwa mezani, faili huletwa na mhudumu, na mwenzake wa chumba cha tatu humpigia simu badala ya kumwendea. Jioni huketi tena katika foleni ya magari, kisha nyumbani huketi mbele ya televisheni. Ukimuuliza atakwambia amechoka, naye hasemi uongo. Amechoka kichwa na macho, ilhali miguu yake haijafanya kazi.

Madhara ya jambo hili hayakugunduliwa jana. Mwaka 1953 daktari wa Uingereza, Jerry Morris, pamoja na wenzake, walichapisha uchunguzi juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva na kondakta walitumikia basi moja kwa saa zile zile, lakini mmoja alikaa kwenye usukani kutwa na mwingine alipanda na kushuka ngazi akikata tiketi. Makondakta walipatwa na maradhi ya mishipa ya moyo kwa uchache kuliko madereva, na waliopatwa walichelewa kuyapata, wala hayakuwaua kwa kasi ile. Uadilifu wa kielimu unatutaka tuongeze kwamba baadaye Morris huyo huyo alichunguza vipimo vya sare zao, akakuta madereva walikuwa na viuno vipana zaidi hata walipokuwa vijana. Lakini alipowalinganisha wapeleka barua wa posta wanaotembea na makarani wa posta wanaoketi, alikuta sura ile ile.

Tangu hapo elimu imezidi kupanuka. Mwaka 2016 jarida lile lile lililochapisha kazi ya Morris, The Lancet, lilitoa uchambuzi uliokusanya takwimu za watu zaidi ya milioni moja. Ulionyesha kwamba hatari ya kufa mapema inayoandamana na kuketi zaidi ya saa 8 kwa siku ilielekea kuondoka kwa wale waliofanya harakati za wastani, mfano kutembea kwa haraka, dakika 60 hadi 75 kila siku. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za harakati za wastani kwa wiki, siku mbili au zaidi za kuimarisha misuli, na apunguze kuketi.

Hapa sina budi kutofautiana na baadhi ya ndugu zetu wahubiri. Husemwa mara nyingi mimbarini kwamba Mwislamu hahitaji mazoezi, kwa kuwa swala tano zinamtosha. Kauli hiyo inapendeza masikioni, lakini haijengi. Swala ni ibada. Faida zake kwa viungo zipo, na Ibnul Qayyim amezigusia, ila faradhi zetu za siku ni rakaa 17, nasi tunajijua tunavyoziharakisha. Lau swala pekee ingetosheleza haja ya mwili, Mtume (S.A.W.) asingeshindana mbio na Mama Aisha (R.A.), kama ilivyopokewa na Abu Daud, wala asingewashindanisha masahaba mbio za farasi. Aidha, Abdullah bin Amr bin Al-Aas (R.A.) alipokuwa akifunga kila siku na kusimama usiku kucha, Mtume (S.A.W.) alimkumbusha kwamba mwili wake una haki juu yake. Hadithi hiyo imo katika Bukhari. Tazama, ndugu msomaji: haki ya mwili ilitajwa kwa mtu aliyeupunguzia mwili wake haki kwa sababu ya ibada. Itakuwaje kwa anayeipunguza kwa ajili ya kiti?

Kinachotoka katika swala kwa mtu wa ofisini ni kule kuiendea. Bani Salima walitaka kuhamia karibu na msikiti wa Madina, na Mtume (S.A.W.) akawataka wabakie majumbani kwao kwa kuwa nyayo zao zinaandikwa, ameisimulia Jabir (R.A.), nayo imo katika Sahihi Muslim. Leo tunawasha gari kwa safari ya mita 300, kisha tunagombania pa kuegesha hadi tunaziba njia ya jirani wa msikiti, ambaye naye ana haki yake.

Matokeo tunayaona misikitini. Mstari wa viti unarefuka mwaka hadi mwaka, na wanaovikalia si wazee peke yao. Simlaumu mgonjwa. Imran bin Huswayn (R.A.), aliyekuwa na maradhi ya bawasiri, alimuuliza Mtume (S.A.W.) na akaruhusiwa kuswali kwa kukaa akishindwa kusimama. Lakini ruhusa ni kwa aliyeshindwa. Mwenye miaka 45 ambaye magoti yamelemewa na uzito na mgongo umekakamaa kwa kuketi, akafika pahala hawezi kusujudu chini, amepoteza kitu kikubwa kuliko afya.

Kuhusu chakula sitasema mengi, kwa kuwa hadithi ya theluthi ya chakula, theluthi ya kinywaji na theluthi ya pumzi, iliyosimuliwa na Miqdam bin Maadikarib (R.A.), inajulikana na kila mtu na hufuatwa na wachache. Anayeketi kutwa hahitaji sahani ya mbeba mizigo wa bandarini.

Wapo watakaosema muda hakuna. Muda wa mwajiri ni amana kweli, na si halali kuuiba kwa kisingizio cha mazoezi wala cha sunna. Hata hivyo, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi wa Tanzania Bara anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo mapumziko ya angalau dakika 60. Adhuhuri ya jamaa na chakula cha kiasi havimalizi saa nzima. Zilizobaki ni dakika za kutembea. Na kupokea simu ukiwa wima, kumfuata mwenzako chumbani kwake au kupanda ghorofa mbili kwa ngazi hakumwibii mwajiri kitu.

Desemba 2016 Mama Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alihimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe ya mazoezi, na kule Zanzibar kila Januari 1 watu hujitokeza kwa maelfu. Ni mambo ya kupongezwa, ila mara moja kwa mwezi haijazi kibaba, seuze mara moja kwa mwaka. Mtume (S.A.W.) akienda Quba kila Jumamosi, kwa miguu au kwa kipando, kama alivyosimulia Ibn Umar (R.A.).

Limebaki suala ambalo kamati zetu za misikiti hulikwepa, nalo ni dada zetu. Nao ni makarani, wahasibu na walimu, wanaketi kama sisi, kisha tunawaambia barabarani na viwanjani hapafai kwa sababu ya stara. Ikiwa hapafai, ni wapi basi panapofaa? Misikiti mingi ina ukumbi wa madrasa unaokaa mtupu kuanzia Magharibi. Kuufunga mapazia na kuwakabidhi akina mama ufunguo jioni mbili kwa wiki hakuhitaji mfadhili kutoka nje. Kunahitaji kikao kimoja cha kamati, na kikao hicho chaweza kufanyika leo baada ya swala.

Wabillahi tawfiq.